Aliyeshika pipa la baruti ndiye aliyemshika Mirambo



Katika vitabu vya historia vya shule zetu, Mtemi Mirambo wa Unyamwezi ana kurasa zake. Kijana anayemaliza kidato cha nne anajua kuwa alikuwa shujaa, kwamba alipigana na Waarabu wa Tabora, na kwamba Mzungu mmoja alimfananisha na Napoleon wa Ufaransa. Pana mtaa wa jina lake Dar es Salaam, na pana kambi ya jeshi ya jina lake Tabora. Baada ya hapo habari inakwisha. Mwanafunzi hajui mtu yule aliishi kwa nini na aliishiwa na nini.

Mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Kahama, na somo la historia ni la wenzangu. Lakini ardhi ninayoikanyaga kila siku ndiyo aliyoikanyaga Mirambo na vijana wake, na vijana ninaowafundisha wana umri ule ule wa vijana aliowaita vitani. Kwa hiyo nimeona niandike maisha yake kwa njia ambayo sijaiona ikiandikwa: kwa kutazama kile ambacho askari wake alikibeba begani na kiunoni. Naamini ukiujua mzigo wa askari, na ukajua ulitoka wapi, utajua nguvu ya mfalme wake ilikuwa imefungwa wapi.

Kijana wa Uyowa

Mirambo alizaliwa yapata mwaka 1840. Jina lake la kuzaliwa ni Mtyela, mwana wa Kasanda, mtemi wa Uyowa, nchi ndogo magharibi ya Tabora. Jina la Mirambo ni la vita, nalo linafasiriwa kuwa ni maiti.

Katika ujana wake nchi ilikuwa imevamiwa na Watuta, tawi la Wangoni waliotoka kusini mwa Afrika na hatimaye kukaa katika pande hizi za Kahama na Runzewe. Inaelezwa kuwa Mtyela alichukuliwa nao na akakaa kwao muda. Kwa Wangoni alijifunza jambo ambalo watemi wengi wa Unyamwezi hawakuwa nalo: kuwatenga vijana na nyumba zao, kuwaweka pamoja kwa rika, na kuwafanya jeshi la kudumu badala ya kundi la wakulima wanaoitwa kwa ngoma na kurudi shambani msimu wa mvua unapofika.

Alipourithi utemi wa baba yake, karibu na mwaka 1860, aliyachanganya mambo mawili. Alichukua nidhamu ya Wangoni akaitia bunduki ya mfanyabiashara wa pwani. Hapo ndipo rugaruga wa Mirambo walipopata nguvu.

Mzigo wa rugaruga

Rugaruga alikuwa nani? Wengi wao walikuwa vijana wasio na wake wala mashamba: mateka, watoro, wapagazi waliokosa kazi, watoto waliopoteza wazazi katika vita vya watemi. Hawakuwa na mshahara. Riziki yao ilikuwa ngawira. Wageni waliowaona waliandika juu ya manyoya vichwani, nguo nyekundu mabegani, njuga miguuni, na mapambo ya kutisha yaliyotokana na miili ya maadui. Mapambo yale yalikuwa silaha pia, kwa sababu kijiji kilichokwisha kuingiwa na hofu huanguka bila risasi nyingi.

Mkononi alikuwa na mkuki, upinde au kisu, na aliyebahatika alikuwa na gobore. Mkuki na mshale vilipatikana karibu. Katika nchi ya Wazinza, ambayo leo ni sehemu ya Geita, walikuwapo Warongo, mafundi wa kuyeyusha chuma waliojulikana sana. Majembe yao yalisafiri mbali kwa biashara, na moto ule ule uliotoa jembe ulitoa mkuki. Mtemi aliyekuwa na wahunzi hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kupigana.

Gobore lilikuwa habari nyingine. Bunduki hizi ziliingizwa pwani kutoka Ulaya na Marekani, nyingi zikiwa kuukuu zilizokwisha kuachwa na majeshi ya huko. Mwenye gobore humimina kipimo cha baruti mdomoni mwa mtutu, akaweka kitambaa, akatia risasi ya duara, akashindilia kwa ufito, kisha akaweka baruti kidogo pembeni ambapo jiwe la gumegume litapiga cheche. Ndipo afyatue mara moja na kuanza upya. Askari wa Ulaya aliyefunzwa aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika. Kijana wa porini, mwenye baruti iliyokwisha kunyonya unyevu, hakufika hapo.

Sasa angalia vitu alivyobeba: pembe au kibuyu cha baruti, mfuko wa risasi, mawe ya gumegume, ufito. Risasi ingeweza kuhangaikiwa, kwani kipande cha chuma kilitosha. Ufito ni mti tu. Lakini baruti nzuri hutaka shura, kiberiti na mkaa kwa vipimo; karibu robo tatu yake ni shura, na lazima iwe safi. Baruti ya kutegemewa ilitoka pwani katika mapipa madogo mabegani mwa wapagazi, mwendo wa miezi. Bila pipa lile, gobore ni rungu zito lenye bei kubwa.

Mapipa matano

Njia ya biashara kutoka Bagamoyo ilifika Tabora, na kutoka Tabora tawi moja lilikwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Nchi ya Mirambo ilikaa juu ya tawi hilo. Misafara ililipa hongo kupita, na pembe za ndovu zilishuka pwani kwa njia hiyo. Tabora ilikuwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, pamoja na Mtemi Mkasiwa wa Unyanyembe, ambaye utemi wake ulitegemea sana msaada wao. Mirambo alikuwa na madai yake: wafanyabiashara wanapanga nani awe mtemi na nani asiwe, wanawapokea maadui zake, na wanapita kwake bila kumpa haki yake.

Mwaka 1871 aliusimamisha msafara uliokuwa ukielekea Ujiji. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa Tabora wakati huo akimtafuta Livingstone, ameyaandika madai yake: mapipa matano ya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Itazame orodha hiyo vizuri ndugu msomaji. Hakutaja dhahabu wala ng'ombe. Alitaka vitu vitatu vya kulifanya jeshi liwe jeshi, na baruti ilikuwa miongoni mwake. Msafara ulibishana zaidi ya siku nzima, ukalipa. Baada ya kulipa ukaambiwa urudi ulikotoka, na njia ikafungwa.

Vita ya mwaka 1871

Tabora iliamua kupigana. Stanley alijiunga nao, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhesabu mizigo, ametuachia picha ya kile walichobeba. Jeshi lilipita watu elfu mbili, na kama 1,500 kati yao walikuwa na bunduki: magobore ya gumegume, bunduki za mitutu miwili za Kijerumani na Kifaransa, na chache za kisasa za Kiingereza na Kimarekani. Baruti ilikuwa tele. Watu wa Stanley walipewa risasi sitini kila mmoja, na wengine walipewa hadi mia. Kwa gobore, risasi sitini pamoja na baruti yake ni mzigo wa kilo mbili na zaidi, mbali na bunduki yenyewe, chakula na maji.

Mwanzoni mwa Agosti walikiteka kijiji cha Zimbizo. Kisha kijana mmoja wa Kiarabu, Soud, akaongoza kikosi cha watu kama mia tano hadi Ulyankuru, makao ya Mirambo, na akaingia. Mirambo hakukaa ndani ya boma kusubiri kufa. Alitoka, akawaacha wachukue walichotaka. Walibeba pembe za ndovu, marobota ya nguo na mateka, wakaanza safari ya kurudi wakiwa wamelemewa. Rugaruga walikuwa wamelala katika majani marefu pande zote mbili za njia. Mtu aliyebeba pembe ya ndovu begani hana mkono wa kushika gobore. Soud aliuawa pale na wengi waliokuwa pamoja naye.

Kila ninapoisoma habari hii nakumbuka Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, aliwaweka wapiga mishale hamsini juu ya kilima chini ya Abdullah bin Jubayr na akawaamrisha wasiondoke kwa hali yoyote. Walipoona adui anakimbia na ngawira iko uwanjani, wengi waliteremka, na mgongo wa Waislamu ukabaki wazi. Masahaba ni watukufu, radhi za Allah ziwe juu yao, na sisi hatufanani nao. Lakini somo lile limewekwa kwa ajili yetu: askari hushindwa pia kwa kile alichokiongeza juu ya mzigo wake baada ya kudhani ameshinda.

Tarehe 22 Agosti Mirambo aliishambulia Tabora yenyewe akiwa pamoja na Watuta. Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu na mtu shujaa, alitoka na watu wachache kumkabili, akauawa. Sehemu ya mji iliteketezwa. Mtemi aliyeanza na nchi ndogo ya Uyowa alikuwa amewatia khofu watu wa Sultani wa Unguja.

Unguja yabana baruti

Vita viliendelea kwa miaka. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870, alipeleka askari bara, na gharama ikawa kubwa kuliko faida. Silaha iliyomwumiza Mirambo zaidi ilikuwa ya kimya. Unguja ilibana baruti isiuzwe kwake. Hapakuwa na haja ya kumpiga risasi. Ilitosha kumzuilia zake. Pwani nayo iliumia, kwa kuwa njia ilipofungwa pembe hazikushuka na bei zilivurugika. Pande zote mbili zikawa na sababu ya kutafuta suluhu, na kufikia mwaka 1876 mapatano yalikuwa yamepatikana.

Aprili ya mwaka huo Stanley alikutana naye uso kwa uso katika nchi ya Wasumbwa, mahali alipopaandika Serombo, jina ambalo mtu wa Bukombe akilisikia haraka anakumbuka Ushirombo. Stanley alitarajia kumwona jambazi. Alimkuta mtu mpole wa maneno, amevaa kilemba na joho la Kiarabu, nguo za ndani nyeupe safi, makubazi miguuni na upanga ubavuni. Hakuwa mlevi. Alimweleza mgeni wake kwamba vitani aliwapendelea vijana, kwa kuwa macho yao ni makali na viungo vyao vyepesi, na kwamba mtu mzima mwenye mke na watoto huwakumbuka nyumbani wakati wa hatari. Wakachanjiana udugu wa damu.

Mimi ni mwalimu, na kauli hiyo hainitoki. Ni mawazo ya jemadari hodari, na ni mawazo ya kutisha. Anayekuchagua kwa sababu huna wa kumkumbuka hajakupa heshima. Amepima tu kwamba ukifa hakuna atakayedai.

Kutafuta mlango mwingine

Mirambo aliijua kamba iliyomfunga shingoni. Miaka iliyofuata alifanya kila njia ya kupata mlango wa biashara usiopitia kwa wafanyabiashara wa Tabora. Alipanua nchi upande wa magharibi hadi Uvinza, penye chemchemi za chumvi. Alimkaribisha Broyon, mfanyabiashara wa Kiswisi. Aliwakaribisha wamisionari wa London, na Dokta Southon akakaa Urambo kuanzia mwaka 1879. Alifanya urafiki na balozi wa Uingereza Unguja, John Kirk. Ukiuliza mtemi asiye Mkristo alitaka nini kwa wamisionari, jibu liko wazi: alitaka njia ya kufika pwani.

Mlango huo ulifungwa mwaka 1880. Majeshi yake yaliposhambulia Mpimbwe, Waingereza wawili waliokuwa katika utumishi wa Mfalme wa Ubelgiji, Carter na Cadenhead, waliuawa katika mapambano. Mirambo alijieleza, lakini Waingereza wakamgeuka, na Barghash akapata sababu mpya ya kumbana. Dokta Southon, aliyekuwa msemaji wake mzuri kwa Wazungu, naye alifariki mwaka 1882 kwa jeraha la risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Bunduki haichagui.

Afya ya Mirambo iliharibika kwa maradhi ya koo. Hata hivyo hakuacha vita, kwa kuwa jeshi lisilo na mshahara hulishwa na vita inayofuata. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884, akiwa na umri wa miaka kama 44, katika vita dhidi ya Ukune, ardhi ambayo leo iko upande wetu wa Kahama. Ndugu yake Mpandashalo alimrithi, lakini hakuweza kuishika dola, ikasambaratika katika miaka michache.

Wakati huo huo pwani ilifurika silaha. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja alikadiria bunduki 80,000 hadi 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Mwaka 1890 madola ya Ulaya yalitia saini mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa uliwekea mipaka uingizaji wa bunduki na baruti Afrika. Kukomesha utumwa ni jambo jema. Lakini angalia matokeo: katika miaka ile ile Wajerumani waliingia Unyamwezi na bunduki zipigazo haraka, wakati mwenyeji alizuiwa hata baruti ya gobore. Alichokifanya Barghash kwa Mirambo, Ulaya ilikifanya kwa bara zima.

Tuisome vipi habari hii

Wapo wanaoisimulia vita ya Mirambo kama vita ya Mwafrika dhidi ya Mwarabu, na kwa kupitia hapo dhidi ya Uislamu. Na wapo baadhi yetu Waislamu ambao kwa kujibu huwatetea wafanyabiashara wa Tabora kwa kila walichofanya. Wote wanakosea. Upande wa Tabora walikuwapo Wanyamwezi wengi pamoja na Mkasiwa, na upande wa Mirambo palikuwa na mtemi aliyevaa kilemba na kutaka biashara ile ile. Pande zote mbili zilichukua mateka. Waliokuwa wakigombewa ni pembe, njia, hongo na baruti. Mfanyabiashara Muislamu aliyeuza watu hakuwa akiitumikia dini, na mtemi aliyewaadhibu wanakijiji wasio na kosa hakuwa mkombozi wao. Uadilifu ni kusema hivyo kwa wote wawili.

Aya ya 60 ya Surat al-Anfal inatuamrisha kuandaa nguvu kadiri tuwezavyo. Wengi huishia hapo. Aya inayofuata inasema wakielekea kwenye amani, nasi tuielekee. Mwenye kuandaa nguvu ajiulize nguvu hiyo ni ya nani. Mirambo aliandaa jeshi, lakini ufunguo wa ghala la jeshi hilo ulikuwa Unguja.

Mambo haya hayako mbali na sisi. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 silaha za moto zilizagaa, na wezi wa mifugo wenye bunduki wakaitesa Shinyanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa pande hizi za Kahama waliunda sungusungu, wakitumia upinde na mshale, silaha za mhunzi wa kijijini. Walifanikiwa kwa kuwa kila nyumba ilitoa mtu na kila mtu alijulikana, ingawa nao baadaye walihitaji kuwekewa mipaka ya sheria. Na Septemba 2014 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Ushirombo, wakaua askari wawili na kupora bunduki na risasi. Ni Ushirombo ile ile.

Askari wa miguu wa Marekani leo hubeba kwa kawaida magazini saba za risasi thelathini, yaani risasi 210, na ukijumlisha kofia, fulana ya kuzuia risasi, redio na maji, mzigo wake hupita kilo 30. Nyuma yake kuna kiwanda, ghala, hesabu na sheria. Kijana wa hapa anayekabidhiwa bunduki gizani na mtu asiyemtaja jina hana hata kimoja katika hivyo. Risasi zikiisha, aliyempa ndiye ataamua kama apewe nyingine au aachwe.

Migodi yetu ya Geita na Kahama ina vijana wengi wa aina aliyoipenda Mirambo: wenye macho makali, viungo vyepesi, mbali na wazazi, wanaoishi kwa bahati ya siku hiyo. Nawaomba maimamu, wazazi na walimu wenzangu tusiwaache wakawa watu wasio na wa kuwakumbuka. Tuwe na madrasa za jioni karibu na machimbo, tuwatembelee, tuyajue majina yao, tuwasaidie kuoa. Kijana anayejua nani atamlilia ni mgumu kununuliwa kwa kibuyu cha baruti.